Mji Aliouchora Baba Uwanjani

Ukimwagia vumbi maji kabla ya kufagia, hutoka harufu fulani ambayo nyinyi wa rika langu mnaipenda, najua. Mnasema ni harufu ya nyumbani. Mimi hunitia wasiwasi. Mpaka leo, na utu uzima huu, nikiingia kwa mtu hapa Arua nikakuta uwanja umefagiliwa ukang'aa, naangalia chini kwanza, kisha namwangalia usoni mwanamume mwenye nyumba, ndipo natoa salamu. Watu husema nina kiburi. Si kiburi. Nililelewa Koboko, katika uwanja ambao kila Ijumaa jioni mama aliufagia, na kila Ijumaa jioni baba alichora juu yake mji wa watu wengine.

Marehemu baba alikuwa Mkakwa wa Ludara, Mwislamu, askari wa zamani. Ujanani jeshi lilimpeleka Urusi akajifunze injini za ndege. Aliporudi, haukupita muda nchi ikapinduka, watu wetu wakakimbilia Kongo, naye akakimbia nao akiwa tayari amemwoa mama. Baadaye sana walirejea, akafungua gereji pale Koboko, na jina likamkaa: Fundi Urusi. Magari yalitoka mpaka upande wa Sudan kuja kwake, kwa sababu mtu aliyefundishwa ndege na Warusi atashindwaje na lori? Mama yeye alikuwa Mlugbara wa Ajia, Mkristo, mtu wa jembe na maneno machache. Nyumbani tuliongea Kiswahili, hiki chetu cha kambini na sokoni mnachokicheka nyinyi mliosoma sana, maana hao wawili hawakuwa na lugha nyingine ya kugombana.

Baba alichora kwa spoki ya baiskeli. Alianza na mto, mstari mmoja mrefu uliopinda kama kiwiko, akasema maji yake ni meusi kama chai ya rangi kwa sababu yanapita kwenye kinamasi. Kisha kilima kidogo kilichokuwa na ngome ya bwana mmoja wa zamani. Kisha soko, mraba, limetandazwa mawe. Halafu nyumba za kuomba: kanisa lenye kichwa cha kitunguu, kanisa lenye minara miwili, na ile ya tatu aliyoiita msikiti ya Wayahudi. Mwisho alichora nyumba za mbao, moja moja, na kila nyumba ilikuwa na mwenyewe. Hapa fundi cherehani, hana jicho moja. Hapa mwoka mikate, mke wake mchoyo. Hawa wawili hawasalimiani, sababu ya mbuzi.

"Na mji huu uko wapi, baba?" niliuliza siku ya kwanza niliyopata ujasiri.

"Iko mbali. Belorusia." Siku hizi wanaiita Belarusi. "Mji kidogo tu. Kama Koboko."

Na kweli alivyoueleza ulifanana na kwetu kwa jambo moja. Alisema mji ule ulitawaliwa na Wapolandi, ukatawaliwa na Warusi, ukarudi kwa Wapolandi, ukarudi kwa Warusi, na watu wake hawakuhama hata nyumba. Aliyekwenda kulala akiwa wa nchi moja aliamka akiwa wa nyingine, akaenda kumkamua ng'ombe yule yule. Baba alicheka hapo, akasema hata babu yake alizaliwa chini ya Wabelgiji, akaoa chini ya Sudan, akafa Uganda, na shamba lake la Ludara halikusogea hata hatua. Ndizo mara chache nilizomwona akicheka juu ya ule mchoro. Mara nyingi alichora kimya, midomo ikicheza, na mimi mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa hayajarudi nilijisemea: huyu anaficha kitu.

Nilirithi kwa mama. Mama alikuwa mtu wa kushuku, haki ya Mungu. Ukimpa samaki alimnusa, akakunusa na wewe. Jioni moja alikuwa akipepeta simsim mlangoni pa jiko, baba anasimulia kana kwamba hakuna anayesikia: hapa kisima, maji yake matamu, lakini wanawake wa upande huu hawachoti hapa, wanachota kile cha nyuma ya kinu cha kusaga, sababu huyu mama wa kona ana mdomo. Ungo ukasimama. Nilimwona mama akiutazama ule mchoro, kisha mgongo wa baba, kisha mchoro tena.

Kesho yake tukiwa shambani ndipo alipojinyoosha na kuniuliza, "Mgeni anajua nini ya mahali?"

Akajijibu mwenyewe.

"Mgeni anajua barabara. Mutu anajua kisima, mutu anajua wanawake wanagombana juu ya nini, huyo si mgeni. Huyo ni mkwe."

Kwa wasioyajua ya kwetu, hili halikuwa neno la wivu mtupu. Mwanamume akienda kuoa kwa watu wetu, mashemeji humtembeza. Humwonyesha kijito cha maji, mpaka wa shamba, makaburi, nyumba ambayo hawasalimiani nayo na sababu yake. Wanamfundisha mahali, kwa sababu kuanzia siku hiyo atakuwa anakuja kuzika na kulima. Baba mwenyewe alitembezwa Ajia hivyo hivyo. Kwa hiyo mama alipomsikia mumewe anakijua kisima cha Belorusia na ugomvi wake, alijua jambo moja tu: kuna mashemeji waliomtembeza. Na penye mashemeji pana mke.

Kuanzia hapo nikawa jasusi. Mama hakunituma waziwazi. Alisema tu, "Kaa na baba yako, msaidie kushika taa," wakati jua lilikuwa bado liko juu. Nilichuchumaa pembeni ya mji ule, nikasikiliza. Nikagundua kitu ambacho hata mama hakuwa amekiona. Nyumba ya mwisho, ile ya karibu na kinu, baba aliichora taratibu: mlango, dirisha, rangi ya buluu kwenye vibao vya dirisha, mti mmoja wa matunda nyuma. Kisha papo hapo aliifuta kwa kisigino. Nyingine zote zilibaki mpaka kuku wazikanyage. Ile moja, kila Ijumaa, ilifutwa. Wala hakusema ni ya nani.

Loo! Hapo mimi nikapata kila kitu. Nikajenga kichwani mwanamke mrefu mwenye nywele mpaka kiunoni, amesimama kwenye dirisha la buluu. Nikampa watoto. Niliwachukia wale watoto kana kwamba walikuwa wanakula chakula changu. Nikiona lori geni limesimama gereji nilikimbia kuchungulia kama wameshuka. Baba akininunulia mandazi niliuliza moyoni, na wao amewapelekea ngapi? Nilimwambia mama kuhusu nyumba ya kufutwa, naye akaitikia kwa kichwa polepole kama daktari aliyepata ugonjwa alioushuku.

Shangazi Awa, dada mkubwa wa baba, alikuja kutoka Lobule na gunia la karanga, akakuta hewa ndani ya nyumba imeganda. Mama akamwambia. Shangazi akasema, "Sasa hata kama iko na bibi mwingine, dini naruhusu."

"Dini naruhusu bibi," mama akamjibu. "Hairuhusu siri."

Shangazi akaanza kumenya karanga zake. Lakini hata yeye, nilimwona, jioni alikuwa anautazama mchoro kwa jicho la pembeni. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Na mimi nilikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wote. Ng'ombe wa mahari walishatolewa, na kwa desturi yetu watoto ni wa baba. Mama akiondoka, anaondoka peke yake. Mimi ningebaki Koboko na Shangazi Awa, ambaye aliniosha uso kama anayesugua sufuria, nikimsubiri yule wa nywele ndefu aje kuwa mama yangu. Nilikosa usingizi. Nililala nikiwa nimeshika ncha ya kanga ya mama, na asubuhi nikikuta imenitoka mkononi nilipiga kelele.

Mama alipeleka neno Ajia. Baada ya siku chache mjomba alifika kwa baiskeli, kaka yake mkubwa, mtu mkavu, hacheki, amevaa koti lake la kanisani jua likiwaka. Akakataa chakula. Mtu wa Ajia akikataa chakula kwa shemeji yake, ujue mambo yameiva. Mama alikuwa amekwisha funga kanga zake na sufuria moja ndani ya shuka. Aliliweka furushi mlangoni, wote walione, akaenda kufagia uwanja. Ilikuwa Ijumaa mchana. Baba alirudi kutoka msikitini akalikuta furushi, akamkuta mjomba, akaketi bila kuuliza. Shangazi Awa akaketi upande wake. Mimi nikakaa nyuma ya mama, nimeshika ile kanga.

"Chora," mama alimwambia baba, akamtupia spoki miguuni.

"Mama Zaina, kuna nini?" Zaina ndiye mimi.

"Chora hiyo mji yako. Kaka yangu naye aone."

Baba alichora. Mto aliukosea akaurudia, lakini alipofika sokoni alitulia, kana kwamba pale palimpa nguvu. Alipomaliza, pamoja na ile nyumba ya kinu, hakuifuta. Nadhani aliogopa kuinua mguu.

Mjomba alitaka kusema, mama akamzuia kwa mkono. Alikuwa ameyatafuna maswali yake kwa siku nyingi.

"Mwanamke ametoka mtoni, iko na maji kichwani, anakuja hii nyumba. Anapanda ama anateremka?"

Baba akatazama mchoro.

"Jibu. Shingo ya mwanamke inajua. Hata mguu ya mtu inajua."

"Mimi... hapana jua."

"Haya. Wakati ya mvua, matope inakaa upande gani ya soko?"

Baba aliugusa mraba wa soko kwa spoki, upande huu, kisha upande ule.

"Jua ya asubuhi, inaingia mlango gani?"

Nilimwona mjomba akisogea mbele. Yeye ni mkulima. Alielewa kabla yetu. Mtu anaweza kusahau jina la mwenye nyumba, lakini kama aliwahi kuitembea njia, miguu haisahau mlima.

"Wewe hapana tembea hiyo mji," mama alisema polepole. "Hata siku moja."

"Hata siku moja," baba alisema.

Mnadhani hapo tulipumua? Thubutu! Mama alisimama, macho yamekuwa membamba. "Basi ni mbaya kuliko nilivyofikiri. Mtu hapana tembea mji, lakini anajua nyumba yote na siri ya nyumba yote. Nani alikuambia? Na alikuambia mkiwa wapi?"

"Nilikuwa kitandani," baba akasema.

Shangazi Awa akapiga makofi mara moja, akaiacha mikono mapajani. "Yalaa! Ndugu yangu!" Mjomba aliokota kofia yake. Mama akainama kulichukua furushi, na mimi nikaivuta ile kanga kwa mikono yote miwili, nikaanza kulia kwa sauti.

"Kitanda ya hospitali," baba alisema. "Kifua kikuu. Nilikuwa mgonjwa."

Tangu kuzaliwa mpaka siku ile sikuwa nimewahi kumsikia baba akizungumza sana. Alizungumza akiwa anatazama chini. Alisema jeshi liliwapeleka, wakafundishwa Kirusi cha darasani msimu mmoja, na kabla hajaiona injini hata moja akaanza kutema damu. Wakamtenga. Wakampeleka katika hospitali ya kifua kwenye mji mdogo wa Belorusia, akalazwa humo baridi ikaja ikaisha, na dirishani aliona ukuta na matawi ya mti mmoja mweupe. Alipopona walimtoa alfajiri ndani ya gari lililofungwa, moja kwa moja mpaka treni, wakamrudisha nyumbani. Injini alijifunza Kongo, chini ya lori bovu la mfanyabiashara mmoja, sisi tukiwa wakimbizi. Urusi hakujifunza kitu.

Mjomba akasema, "Kwa hiyo ulioa dada yetu na kifua."

"Nilikuwa nimepona."

"Lakini hukusema."

"Ningesema, mngenipa?"

Wote tulijua jibu. Kwetu ukoo wenye ugonjwa wa kifua huzungukwa kama shimo. Hauozi na hauoi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, ila baba alikuwa ameyaficha akapona, na bado yalimuumbua mbele ya shemeji yake, na mbele ya gereji yake, maana Shangazi Awa hakuwa mtu wa kutunza neno mpaka Lobule. Kesho yake hakuna ambaye angemwita Fundi Urusi bila kucheka. Nilimwonea huruma, na bado sikumwamini.

Mama naye hakumwamini. "Na kitanda ya pili alilala nani?"

"Mzee. Mshona viatu. Mendel jina lake." Hakuna aliyekuwa akija kumtazama mzee huyo, baba alisema, na baba naye hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa wale waliokuja kumshangaa rangi. Kwa hiyo mzee alimfundisha mji. Kila siku mtaa mmoja. Baba akikosea nyumba, mzee alimrudisha mwanzo kama mwalimu wa Kurani. Baba alidhani anafundishwa mji uliokuwa nje ya lile dirisha. Mpaka alipomwambia mzee kwamba akipona ataenda kuangalia hicho kisima, ndipo mzee alipomwambia hakuna kisima. Mji wa nje ulikuwa mwingine, wa matofali mapya. Ule wa kwanza Wajerumani waliuingia wakati wa vita kubwa, wakawakusanya sokoni wale wote wa ile nyumba ya tatu ya kuomba, Wayahudi, wakawapeleka kwenye shimo nyuma ya kinu, kisha wakachoma nyumba. Mzee alikuwa msituni anapasua mbao. Aliporudi alikuta mabomba ya moshi tu yamesimama.

"Aliniambia, mimi nikifa nani atajua? Nikasema, mimi nitajua. Nilisema tu, mgonjwa anasema kitu yoyote. Asubuhi moja kitanda yake iko tupu." Baba alijifuta pua kwa mkono wa kanzu. "Sasa nikisahau nyumba moja, naona kama ni mimi nimechoma."

Nilitazama mitaa ile yote niliyokuwa nimeichukia. Fundi cherehani mwenye jicho moja. Mke wa mwoka mikate, mchoyo. Nilikuwa nimewasubiri washuke kwenye lori.

"Na hii ya kinu?" mama aliuliza. "Unaifuta sababu gani?"

"Ni ya mzee mwenyewe. Akifika pale alikuwa anageukia ukuta, anaacha kusema. Mimi nikifika pale sijui nifanye nini. Nafuta."

Mama hakuwa amemaliza. Mtu wa kushuku haachi mlango wa mwisho bila kuugonga. "Huyo mzee hakuwa na binti?"

Baba akainua macho kwa mara ya kwanza. "Alikuwa naye," akasema. Kisha akaninyooshea mimi kidole. "Kama huyu. Meno ya mbele hana."

Mama alinigeukia akanitazama mdomoni kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Halafu akamuuliza baba kwa sauti ndogo, "Wajomba yake waliambiwa?"

Lazima niwaeleze swali hilo, maana kwetu ndilo swali. Mtoto akifa, wa kwanza kuambiwa ni ndugu za mama yake. Mtu anatumwa kwa miguu yake, anasimama mbele yao, anasema. Wasipoambiwa, kifo hicho hakijaisha, hata upite mwaka, hata ipite vita. Kaka yangu wa kwanza alifia njiani wakikimbilia Kongo, kabla sijazaliwa. Watu wa baba waliporudi Uganda, hawakujenga kwanza hata jiko. Walikwenda Ajia kumwambia mjomba, huyu huyu aliyekuwa ameketi pale na koti lake, na akawakalisha chini akawauliza kana kwamba mtoto amekufa jana.

"Hapana baki mjomba hata mmoja," baba alisema. "Wote walikuwa sokoni siku hiyo."

Mama alishuka polepole, akaketi chini kabisa kwenye vumbi, akanyoosha miguu mbele kama wanawake wanavyoketi msibani. Shangazi Awa akashuka akaketi karibu yake. Mama akalivuta furushi, akalifungua, akatoa kanga moja, akajifunga kiunoni juu ya ile niliyokuwa nimeishika.

"Wewe ni mjomba," akamwambia kaka yake. "Na wewe umekuja. Huyo mtoto hana mwingine."

Mjomba aliigeuza kofia mkononi. Nilidhani atakasirika. Kisha alisimama, akafunga vifungo vya koti vyote mpaka shingoni, akauzunguka mchoro pembeni asikanyage nyumba yoyote, akaenda kusimama mbele ya baba. Akamuuliza kwa ile sauti kavu, isiyoamini, ambayo wajomba wetu huitumia wanapofika msibani:

"Mtoto yetu alikufa na nini?"